Samaki wa Mgeni

Jumapili asubuhi, Kyela mjini.

Mvua imeanza kabla ya alfajiri na haioneshi dalili ya kuchoka. Bati la duka la marehemu Baba linapiga kelele kiasi kwamba kwaya ya kanisa la jirani, ambayo huniamsha kila Jumapili nitake nisitake, leo naisikia vipande vipande. Sijafungua duka. Nimekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, chai ya mchaichai iko pembeni, na moyo wangu ni mzito kwa jambo ambalo nikimsimulia mtu njiani atanicheka.

Jana tumemfuta mgeni.

Acha niandike taratibu. Nikiharakisha nitalia, na mtu mzima kumlilia samaki ni aibu.

Kijiji cha mama yangu kiko ufukweni, mbele ya Mwaya. Jina lake silitaji, wala jina la mto wake, kwa sababu yaliyotokea jana yanaweza kumponza mtu, na huyo mtu ni mama yangu mdogo. Inatosha kusema ni mto unaoingia Ziwa Nyasa kwa utulivu wakati wa kiangazi, na mvua zikianza unageuka mwekundu na kuanza kugombana na kila mtu. Maji yakishakuwa mekundu, mbasa hutoka ziwani na kupanda mto kwenda kutaga.

Mbasa! Aliyekulia Kyela hahitaji maelezo. Asiyemjua, basi ajue kwamba Baba, mjukuu wa mfanyabiashara wa nguo kutoka Kilwa, aliapa siku alipomchumbia Mama kwamba samaki wa maji baridi hana ladha, ni kama kula sabuni. Wakwe wakamwekea mbasa. Mama alikuwa akisema kiapo kile kilifia kwenye tonge la pili.

Tulikuwa tunakwenda huko kila mwaka mvua zikianza. Ndiyo siku pekee Baba aliyofunga duka kwa hiari yake. Alivaa kanzu, akaikunja hadi magotini kwa ajili ya matope, akabeba mwavuli mweusi uliokuwa mkubwa kuliko sisi watoto, na njia nzima alinung'unika kwamba wateja watahamia kwa jirani. Akifika kwa wakwe ananyamaza. "Mugonile," anawaamkia, kwa lafudhi yake ya pwani iliyowafanya wajomba zangu wageukie ukutani ili wasicheke mbele ya mkwe.

Bibi alikuwa na shida moja na mkwe wake. Kuku aliyechinjwa na Mkristo Baba hali. Ng'ombe wa msibani hali. Ukimwambia mkwe aje achinje mwenyewe, umemtuma kazi jikoni. Samaki ndiye aliyewapatanisha, kwa kuwa samaki hachinjwi. Basi kila mwaka Bibi alimpika mbasa mzima kwenye chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwa lile, kwa mawese na ndimu, akakiinamisha chungu taratibu kwenye sinia la wali ili samaki asivunjike, na kichwa kikaelekezwa kwa Baba. Harufu ile naweza kuitambua hata nikiwa usingizini. Nikifumba macho sasa hivi, na bati hili likipiga kelele hivi, namwona Baba akilitoa shavu la samaki kwa vidole vitatu na kumpa Mama kwanza, mbele ya watu wote, naye Mama akiona haya.

Na mimi mwenyewe nilizaliwa kule, mvua za kwanza, mto ukiwa mwekundu. Mama alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza kama ilivyo desturi. Alikunywa supu ya mbasa kabla hajaninyonyesha mara ya kwanza. Kwa hiyo nikisema mbasa ni ndugu yangu, sitanii sana.

Basi. Tuje kwenye sheria.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Nawaandikia watu barua za mirathi na mipaka ya mashamba, nawasindikiza wajane barazani, na alasiri nauza chumvi na vitenge vilivyobaki dukani. Mwaka jana kijiji kiliniita. Ziwa limepanda na kumeza nyumba za mbele. Mvua zinachelewa, zikija zinakuja zote kwa siku moja. Mbasa wamepungua, hilo hata mwenye ubishi halikatai. Wilayani wakaja na wazo la kupiga marufuku migono yote mlangoni mwa mto, mwaka mzima, bila kubagua. Mgono ni mtego wa mianzi, wanausuka wenyewe. Mama mdogo Tusekile, mdogo wake Mama wa mwisho, anaishi kwa migono mitatu na jiko la kukaushia. Mume hana, amesomesha wanawe wawili kwa moshi wa samaki. Mto ukifungwa mwaka mzima, hana pa kwenda ila kwa wanawe, na yeye hajawahi kula kwa mtu.

Kijiji kikasema hapana, sisi tuna utaratibu wetu tangu enzi, tuuandike uwe sheria ndogo, wilaya iupitishe. Kazi ya kuandika nikapewa mimi.

Utaratibu wenyewe ni mzuri, na nilijivuna nao kana kwamba niliutunga. Maji yakigeuka mekundu na povu likaanza kupita, mto unapumzishwa. Kila mgono unatolewa majini na kulazwa ukingoni, mdomo chini, kila mtu auone. Mbasa anapanda bila kuguswa. Anataga. Akianza kushuka, amekonda na macho yamemtoka, ndipo migono inarudi. Hakuna tarehe. Serikali inapenda tarehe, lakini mbasa hasomi kalenda, na miaka hii mvua nayo haisomi. Huko nyuma wilaya iliwahi kuweka tarehe; iliposema "funga", maji yalikuwa bado meupe na samaki wako ziwani wamelala. Iliposema "fungua", ndio kwanza mayai yalikuwa tumboni.

Kwenye semina moja mwezi uliopita walitufundisha maneno mawili makubwa, maarifa asilia na haki ya tabianchi. La pili walilieleza hivi: waliochafua hewa kidogo kabisa ndio wanaolipa zaidi. Niliandika, nikapiga mstari chini, nikanywa soda yao. Nilidhani malipo hayo ni ya mataifa na mawaziri.

Jana ulikuwa mkutano. Wamekuja wawili kutoka wilayani, bwana samaki, yaani afisa uvuvi, ambaye ni mtu mzima mpole anayetembea na kofia mkononi, na mwanasheria, binti wa watu, kijana, ana adabu na buti mpya ambazo matope yalizionea huruma hadi saa nne tu. Tulikaa kwenye ghala la kakao. Kakao yenyewe haikuwepo, ilibaki harufu yake ya uchachu. Nilisoma rasimu kipengele kwa kipengele. Mwanasheria aliuliza maswali ya maana. Nani atasema maji yamegeuka? Tukakubaliana mwenyekiti wa kijiji atatangaza, na atatuma taarifa kwa bwana samaki siku hiyo hiyo. Mwenyekiti Ambakisye alikohoa akanyoosha shati, kana kwamba ameshaanza kutangaza.

Mama mdogo alisimama akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema mwaka huu mto umegeuka mwekundu mara mbili. Mara ya kwanza ukawa mwekundu, wakatoa migono, halafu ukarudi mweupe na mbasa hakuja. "Hata sisi tunadanganywa siku hizi," alisema. Nilimwona mwanasheria akiandika, nikaogopa kwamba ametuharibia. Lakini bwana samaki aliitikia kwa kichwa, akasema afadhali watu wanaokubali kwamba wamedanganywa. Tukaongeza kipengele: mto ukirudi mweupe, mwenyekiti anatangaza upya.

Kufikia adhuhuri tulikuwa tumeshinda. Niliona kabisa. Mama mdogo alinikonyeza kutoka upande wa wanawake, akatoka kwenda kuangalia chakula, maana wageni walikuwa wanakula kwake.

Hapo ndipo palipoharibika.

Tuliingia sebuleni, tukanawa. Sinia la wali likawekwa, wali wa Kyela wenyewe, unanukia hadi unaona aibu kuongea. Kisha Mama mdogo akaja na chungu, amekishika kwa kitenge, uso umemng'aa kama wa bibi harusi. Akakiinamisha taratibu. Akatoka mbasa mzima, mkubwa, wa asubuhi ile, ngozi yake bado inametameta chini ya mawese. Kichwa kikaelekezwa kwa bwana samaki.

Mto ulikuwa mwekundu wiki nzima. Migono yote ilikuwa ukingoni, mdomo chini, wageni waliipita wakija na mwanasheria aliipiga picha.

Bwana samaki alimtazama samaki. Samaki naye, kwa jinsi alivyolazwa, alikuwa anamtazama bwana samaki. Mwenyekiti akaangalia dari. Na Mama mdogo, Mungu ambariki kwa usafi wa moyo wake, alisimama pale akisubiri sifa.

"Mama," mwanasheria akasema kwa upole, "huyu amevuliwa lini?"

"Leo asubuhi, mwanangu. Kwa ajili yenu."

"Lakini si mmesema mto umepumzishwa?"

"Umepumzishwa," Mama mdogo akajibu. "Huyu si wa kuvua. Huyu ni samaki wa mgeni."

Akaeleza, wala hakuona kwamba anajitetea. Mto ukiwa umepumzika, mgono mmoja unaruhusiwa kurudi majini kwa mambo mawili: nyumba yenye mzazi, yaani mwanamke aliyejifungua, na nyumba yenye mgeni wa heshima. Samaki mmoja, kisha mgono unarudi ukingoni. Kila mtu anajua. Ndivyo walivyofanya kwa Baba miaka yote ile. Ndivyo walivyofanya kwa Mama siku niliyozaliwa mimi. Nimekula samaki wa mgeni tangu nina meno, na miezi yote niliyoandika rasimu, nikiwauliza wazee kwa vijana, hakuna aliyenitajia, wala mimi sikujiuliza yule mbasa wa Baba alitoka mto gani. Niliandika "marufuku kabisa" kwa sababu wote waliniambia hakuna anayevua. Kwao huko si kuvua. Muulize Mwislamu yeyote Ramadhani, atakwambia watu wote tumefunga, hatakuanzia na habari za mgonjwa na msafiri. Ruhusa yao ipo, ila anayeulizwa haikumbuki.

Niliwaambia hivyo hivyo, kwa mfano huo huo wa saumu. Mwanasheria alinisikiliza. Halafu akasema, bila ukali, "Dada, nikiandika mgeni, kesho kila nyumba ina mgeni."

Nilitaka kumjibu. Niligeuka kumwangalia Mama mdogo anisaidie, na Mama mdogo akamwangalia mwenyekiti, na mwenyekiti akaendelea na dari yake.

Bwana samaki ndiye aliyetuokoa. Alivuta sahani, akapakua wali, akachota mchuzi wa yule mbasa, vijiko viwili, vitatu, akala. Samaki hakumgusa. Mwanasheria akafuata. Sisi wengine tukafuata. Tulikula wali na mchuzi watu sita, na samaki katikati yetu mzima, hana hata ukucha uliopita juu yake. "Ndaga fijo, mama," bwana samaki alishukuru alipomaliza, na kwa kweli sahani yake ilikuwa nyeupe. Mama mdogo alikuwa ameelewa sasa. Alimrudisha samaki chunguni, akakiondoa bila kumtazama mtu. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye mazishi ya Mama.

Alasiri tukarudi ghalani na habari ilikuwa imeshafika kabla yetu. Watu walizungumza Kinyakyusa kwa haraka, nikawa napata nusu yake. Kijana mmoja alisema wilaya imekuja na jibu lake mfukoni, samaki ni kisingizio. Mwingine akasema sheria isiyomjua mgeni si sheria ya watu. Nilikuwa upande wake kabisa. Ndipo akasimama Mama Lugano, jirani yake Mama mdogo, mama mnene asiyependa mikutano. Alisema, kwa Kiswahili ili wageni wasikie, kwamba samaki wa mgeni wa zamani alikuwa anapikwa uani na majirani wanaonja. Siku hizi kuna nyumba, hataitaja, imepata wageni kutoka Kasumulu, mpakani, mvua nzima ya mwaka jana, na wageni hao wanakuja usiku na tenga na barafu. Hakuna aliyekanusha.

Mwanasheria alisema rasimu ataipeleka mbele kwa moyo mmoja. Dalili za maji zitabaki, tangazo la mwenyekiti litabaki, migono itabaki. Lakini hawezi kupeleka mlango ulio wazi. Alituambia tuamue sisi, akaenda kusimama nje na bwana samaki, kwenye mvua nyembamba, chini ya mwavuli mmoja.

Nilisubiri wazee waanze. Alianza Mama mdogo.

"Mtoeni mgeni," alisema. "Mzazi abaki. Mzazi hana tenga."

Akaketi. Hakuna aliyeitisha kura, watu waliinua mikono tu, mmoja mmoja, wengine wakitazama chini. Nilichukua kalamu. Niliongeza mstari mmoja, kwamba mwanamke aliyejifungua atapatiwa samaki mmoja, mchana, mbele ya mjumbe. La mgeni halikuwa limeandikwa popote, kwa hiyo hapakuwa na neno la kufuta. Bado nilihisi mkono wangu umefuta kitu. Nilimwona Baba na kanzu yake iliyokunjwa magotini, na mwavuli wake, amesimama mlangoni kwa wakwe, na ndani hakuna aliyejua amwekee nini mezani.

Nilikasirika, na leo bado nina hasira. Sina hasira na yule binti, alifanya kazi yake na aliifanya kwa heshima. Hata hao wa Kasumulu siwaoni wakubwa kiasi cha kubeba lawama yote. Mbasa wangekuwepo wa kutosha, tenga moja la barafu lisingetupokonya desturi. Walioupasha joto ulimwengu hadi mvua zikapotea njia hawajawahi kusikia jina la mto wetu, hawakumla mbasa wala mchuzi wake, na hakuna kanuni itakayowanyang'anya kitu mezani. Kumbe yale niliyopigia mstari kwenye semina yana sura. Yana sura ya Mama mdogo Tusekile akirudisha chungu jikoni.

Lakini kama ningekuwa mwanakijiji mwenye mkono wa kuinua pale ghalani, na mimi ningeuinua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alichosema Mama mdogo ni sawa. Mto ungefungwa mwaka mzima, kusingebaki wa kumpa mgeni, wala mzazi, wala yeye mwenyewe.

Yule samaki alipelekwa nyumba ya tatu kutoka kwa Mama mdogo, kwa binti aliyejifungua Alhamisi. Bwana samaki mwenyewe ndiye aliyesema apelekwe, huku anavaa kofia yake.

Jioni Mama mdogo alinisindikiza hadi kwenye bodaboda. Kawaida hunifungia samaki kwenye jani la mgomba, na mimi hukataa, na yeye hunilazimisha, na tunabishana hadi dereva anachoka. Jana mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua aiweke wapi. Akanishika mashavu.

"Ukija tena maji yakiwa mekundu," alisema, "nitakupikia usipa. Usipa tu, kama tunavyokula sisi."

Usipa ni dagaa wa ziwa letu. Kwa Bibi, mgeni hakuwekewa usipa hata kwa bahati mbaya. Ingekuwa tusi. Nilimwambia napenda usipa. Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mchana, akasema mwongo mkubwa we, ulikuwa unawatema utotoni.

Mvua inapungua sasa. Itabidi nifungue duka, kuna watu watataka chumvi wakitoka kanisani. Nimezaliwa mto ukiwa mwekundu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimekwenda kwao Mama nikipikiwa kitu ambacho wenyewe walijinyima. Mwakani nitakaa jikoni na Mama mdogo, nitakula usipa kutoka sufuria lake, na hakuna atakayenielekezea kichwa cha samaki.

Sijui hivyo ndivyo mtu anavyokuwa mwenyeji, au ndivyo anavyoanza kupoteza kwao.